Laleni Shambani Usiku Mmoja, Mrudi na Hesabu

Wageni wengi wa mashamba ya kilimo hai hufika saa nne asubuhi na kuondoka saa tisa alasiri. Wanaonyeshwa matuta, wanapita kwenye lundo la mboji, wanapiga picha na mbuzi wa maziwa, wanakula, kisha wanapanda Coaster yao. Katika saa hizo tano biashara ya shamba imelala. Mboga zilivunwa alfajiri, zikapimwa na kupakiwa kabla jua halijapanda, na fedha zake zitahesabiwa jioni wageni wakiwa barabarani. Kikundi kinarudi nyumbani kikijua kutengeneza mboji, lakini hakijui nani alinunua mchicha ule, kwa bei gani, na nani alibaki na faida.

Ndiyo maana nawasihi viongozi wa vikundi vya akina mama, vya vijana, vya misikitini na makanisani: mkienda kwenye shamba linalofundisha ujasiriamali jamii, laleni. Usiku mmoja unatosha ukiandaliwa vizuri. Ujasiriamali jamii ninaouzungumzia ni biashara ya kweli, yenye wateja wanaotoa fedha zao mfukoni, iliyoanzishwa ili shida ya watu fulani ipungue: wakulima wasio na soko, vijana wasio na ajira, udongo uliochoka. Faida inarudi kwenye shida ile ile. Wala si jambo la kigeni kwetu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliounda chama chao mwaka 1925, kikafuatiwa na chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, waliuza pamoja ili wasiuze kwa hasara mmoja mmoja, na hawakusubiri semina ya mtu yeyote.

Kuchagua pa kwenda

Afrika Mashariki ina vituo vya namna hii, na kila kimoja kina nguvu yake. Sustainable Agriculture Tanzania (SAT), iliyoanzishwa mwaka 2011, ina kituo cha mafunzo ya wakulima Vianzi, wilayani Mvomero, na pia duka la bidhaa za kilimo hai Morogoro mjini. Mtu anaweza kulifuata zao kutoka kwenye tuta hadi kwenye rafu. Kenya kuna Manor House karibu na Kitale, iliyoanza mwaka 1984, na G-BIACK karibu na Thika, iliyoanza mwaka 2008. Vyote viwili vinafundisha kilimo cha eneo dogo linalochimbwa kwa kina, likalishwa mboji na kupandwa kwa kubana. Mwenye nauli ya mbali atafika kituo cha Songhai, Porto-Novo nchini Benin, ambako padre Godfrey Nzamujo alianza mwaka 1985 na hekta moja ya ardhi iliyochoka. Pale samadi inatoa biogesi, mabaki yanazalisha funza, funza wanalisha samaki na kuku, na mgeni anayelala analipia chumba na kununua juisi iliyosindikwa palepale. Yeye mwenyewe ni sehemu ya mapato anayokuja kujifunza.

Jina kubwa si lazima. Mama mmoja wilayani kwenu anayekusanya mboga za majirani zake na kuzipeleka hotelini kila Ijumaa anaweza kuwafundisha zaidi ya kituo chenye ukumbi na projekta. Cha msingi ni kuuliza swali moja kwa simu kabla ya kupanga lolote: mwezi uliopita mliuza nini, na mlimuuzia nani? Akijibiwa kwa majina ya bidhaa na aina za wateja, kiongozi aendelee kupanga safari. Akijibiwa kwa orodha ya miradi na wafadhili, atafute kwingine, au aende akijua kwamba ataonyeshwa kilimo na hataonyeshwa biashara.

Nisieleweke kwamba ruzuku ni dhambi. Kilimo hai kina kipindi ambacho fedha ya nje inaweza kuwa ya haki kabisa. Soko la Umoja wa Ulaya, kwa mfano, linadai mpito wa miaka miwili kabla ya kupanda mazao ya msimu, na miaka mitatu kabla ya kuvuna mazao ya kudumu kama kahawa na vanila. Katika muda huo mkulima ameacha mbolea na dawa za dukani, mavuno yake yanaweza kushuka, na bado haruhusiwi kuuza kwa jina la kilimo hai. Lazima mtu aubebe mzigo huo. Muulizeni mwenyeji ni nani aliubeba kwao: mkulima peke yake, mnunuzi, mfadhili, au mfuko waliouchangia wenyewe. Majibu ya swali hili yatawaonyesha kama neno "jamii" lina uzito pale au limebandikwa tu kwenye kibao cha getini.

Nani aende

Watu kumi hivi wanatosha. Wakizidi sana, mwenyeji anaacha kazi na kuanza kuhutubia, na ninyi mlikuja kuiona kazi. Lakini kubwa zaidi ya idadi ni uchaguzi wa watu. Safari za mafunzo katika vikundi vyetu zimekuwa zawadi ya mwenyekiti na katibu, na mara nyingi maarifa yanaishia kwenye taarifa ya ukurasa mmoja. Mpelekeni mhazini kwanza, kwa sababu yeye ndiye atakayeelewa daftari la mauzo. Mpelekeni mtu wa jembe, yule ambaye mikono yake itajua kama kazi ile inawezekana kwenye udongo wenu. Mpelekeni na yule mwanachama mbishi anayepinga kila wazo, maana akirudi ameridhika hakuna tena wa kumshawishi. Wamo akina mama wenye watoto wachanga? Semeni mapema ili mwenyeji aandae chumba. Asiachwe mtu nyumbani kwa sababu ananyonyesha.

Kabla ya kuondoka gawaneni wawili wawili, na kila jozi ipewe bidhaa moja ya kuifuata tangu kitaluni hadi kwa mlaji: maziwa, mchicha, asali, miche, viungo, hata mafunzo yenyewe. Nayo mafunzo ni bidhaa, ina bei na ina gharama.

Barua na malipo

Mwandikieni mwenyeji mwezi mmoja kabla. Mwelezeni ninyi ni nani, mnalima nini, mnauza wapi, na mnataka kuona nini hasa: mavuno ya alfajiri, upakiaji, na kikao cha jioni kuhusu mapato na matumizi. Hilo la mwisho liandikwe wazi. Kumuuliza mtu mapato yake ghafla mbele ya wageni kumi ni utovu wa adabu. Kumwomba mapema, naye akachagua atakachoonyesha, ni heshima. Ahidini kwamba takwimu zake hazitasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, na ahadi hiyo muitunze.

Lipeni ada yote. Kuna tabia ya kuomba punguzo "kwa sababu sisi ni kikundi", na inaniuma kuiona ikifanywa kwa watu wanaojaribu kuthibitisha kwamba huduma kwa jamii inaweza kujitegemea. Kama uwezo wenu ni mdogo, punguzeni idadi ya watu, bei muiache. Kisha ombeni risiti na mwangalie inavyoandikwa. Hapo somo limeshaanza.

Mizigo

Gambuti, tochi, shuka, chandarua, na sweta nzito kama mnaelekea nyanda za juu kama Kitale. Madaftari ya karatasi na kalamu, kwa sababu simu huishiwa chaji na mwenyeji huzungumza kwa utulivu zaidi asipoona kamera. Noti ndogo ndogo za kununulia bidhaa dukani kwao. Mizani ya kuning'iniza kama mnayo.

Kuna jambo moja hapa ambalo naomba lisipuuzwe. Anayefuga nguruwe nyumbani asiende na viatu anavyoingilia bandani. Homa ya nguruwe ya Afrika husafiri kwa viatu, nguo na vyombo, haina tiba, na inaweza kumaliza zizi zima la mtu aliyewakaribisha. Vilevile anayetoka maeneo yenye mnyauko wa migomba asibebe panga lake wala machipukizi ya kupeleka zawadi. Msikubali pia kurudi na machipukizi mliyopewa kwa ukarimu bila kujua afya ya shamba yalikotoka. Mbegu na miche isiyo na hatari hiyo inunuliwe kwenye kitalu cha mwenyeji kwa bei yake.

Alasiri ya kwanza

Fikeni saa nane au tisa, salamu ziishe, mzunguke shamba kabla ya giza. Mboji msiikawilie sana, maana mafunzo yake yanapatikana hata kwa afisa ugani wa kata na kwenye jarida la Mkulima Mbunifu. Inatosha kuchomoa ule mti uliochomekwa katikati ya lundo na kuushika. Lundo linalofanya kazi vizuri hufika nyuzi joto 55 hadi 65, na mti hutoka wa moto. Ukitoka wa baridi na mkavu, lundo linataka maji au majani mabichi. Ulizeni tu mboji ile inatumia saa ngapi za mtu mmoja kwa tuta moja. Swali hilo halimo kwenye vipeperushi vingi, nalo ndilo huamua kama kilimo hai kitawezekana kwa mama mwenye watoto wanne na ndoo za maji za kuchota.

Muda wa alasiri uliobaki upelekeni kwa wafanyakazi na wanafunzi. Kaeni nao wanapopalilia, mpalilie pia. Anayepalilia pamoja na mtu huambiwa mambo ambayo mtembeza wageni hayasemi: mshahara unatoka tarehe ngapi, nani anapanga zamu, waliomaliza mafunzo mwaka juzi wako wapi leo. Hilo la wahitimu ndilo lenye uzito kuliko yote kwa kituo kinachojiita cha ujasiriamali. Kama wengi wamerudi makwao na wanauza kitu, hata kidogo, kituo kinafanya kazi yake. Kama wengi wameajiriwa na kituo chenyewe au wanasubiri mradi mwingine, andikeni hivyo kwenye daftari bila kuwalaumu.

Baada ya chakula cha jioni

Hapa ndipo usiku unapolipa nauli yake. Chakula kimeliwa, simu za wateja zimepungua, mwenyeji amekaa. Wekeni daftari lenu la kikundi mezani na mlifungue ninyi kwanza: hizi ndizo hisa zetu, haya mauzo yetu ya mwezi uliopita, hapa tulipata hasara. Mtu aliyeonyeshwa hesabu za mwenzake huwa mwepesi kuonyesha zake. Kisha mhazini aulize, wengine waandike.

Anzeni na bei ya bidhaa moja, muipasue. Mkulima alilipwa kiasi gani, ufungaji kiasi gani, usafiri, posho ya msimamizi, na kilichobaki kilikwenda wapi? Mfano wa kufikirika utasaidia wale ambao hawajawahi kufanya hesabu hii. Tuseme kikundi kinauza makapu ya mboga kwa familia 30 za mjini kila wiki, kapu moja shilingi 10,000. Mauzo ni 300,000. Wakulima wanalipwa 6,000 kwa kila kapu, jumla 180,000. Ufungaji ni 500 kwa kapu, jumla 15,000. Bodaboda na gari kwa wiki ni 45,000, na msimamizi anapewa 40,000. Zinabaki 20,000. Sasa familia tano zikienda likizo, mauzo yanashuka hadi 250,000, lakini usafiri na posho ya msimamizi havishuki hata senti moja. Zinabaki 2,500. Familia moja zaidi ikiondoka, kikundi kimeingia hasara ya 1,000. Kwa hiyo biashara hii inaishi au inakufa kwenye familia ya 25, na msimamizi mzuri analijua hilo kila Jumatatu asubuhi.

Mwombeni mwenyeji awaambie "familia ya 25" ya shamba lake ni ipi. Inaweza kuwa lita kadhaa za maziwa, au vitanda kadhaa vya wageni kwa mwezi. Akiijua, sikilizeni kila anachosema baada ya hapo.

Yapo maswali mengine ambayo usiku unayaruhusu. Ruzuku ikikoma kesho, nini kitasimama na nini kitaendelea? Biashara gani mlijaribu mkaifunga, na kwa nini? (Jibu la hili huwa na faida kuliko hadithi zote za mafanikio, na wenyeji wengi hufurahi kuulizwa, kwa kuwa hawaulizwi.) Ardhi ni ya nani, na jina gani limeandikwa kwenye hati? Mkulima anayewaletea mazao ana kura kwenye maamuzi, au ana bei nzuri tu? Bei nzuri bila kura inaweza kuondolewa siku mwenye shamba atakapobadilika au kufariki.

Halafu alama. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai tangu mwaka 2007, na alama yake ni Kilimohai. Kwa soko la nje mara nyingi huhitajika kampuni ya ukaguzi, ambayo gharama yake inawazidi wakulima wadogo wengi. Kwa soko la ndani upo mfumo wa wakulima kukaguana wao kwa wao, unaojulikana kama PGS, ambao unasimamiwa kwa karibu na mitandao ya kilimo hai, TOAM nchini Tanzania na KOAN nchini Kenya. Ombeni kuona fomu moja ya ukaguzi iliyojazwa. Ulizeni ilikuwaje mara ya mwisho jirani alipokutwa na chupa ya dawa shambani: nani alimwambia, adhabu ilikuwa nini, na je, walizikana tena wakati wa msiba? Mfumo huu unasimama juu ya ujirani, kwa hiyo nguvu yake na udhaifu wake vyote viko kwenye ujirani. Kikundi ambacho wanachama wake hawathubutu kuambiana ukweli kuhusu marejesho ya VICOBA hakitathubutu kuambiana kuhusu dawa ya wadudu, na ni afadhali mlijue hilo kabla ya kuchapisha lebo.

Msikeshe. Saa nne watu walale.

Alfajiri

Saa kumi na moja jozi zote ziwe shambani, kila moja kwenye bidhaa yake. Mvune, mfunge mafungu, mpime. Hesabuni mtu mmoja anafunga mafungu mangapi kwa saa, na linganisheni na mnavyofanya ninyi. Angalieni kinachokataliwa: majani yaliyotobolewa, nyanya zilizopasuka. Kinakwenda kwa mifugo, kwenye mboji, jikoni, au kinauzwa kwa bei ya chini? Kwenye mboga za majani, hicho kinachokataliwa kinaweza kumeza faida yote, na shamba lenye utaratibu mzuri limekwisha kukipangia kazi.

Muulizeni dereva. Yeye anajua mteja yupi hulipa papo hapo na yupi hupokea mzigo leo akalipa baada ya mwezi. Hoteli na shule zinanunua nyingi, lakini zikichelewesha malipo, mkulima anayesubiri fedha ya karo ataanza kumuuzia dalali pembeni, na umoja wote unalegea. Muulizeni mwenyeji anawalipaje wakulima wakati huo: ana akiba ya kuzungushia, anakopa SACCOS, au wakulima wanasubiri? Kama gari lina nafasi na mwenyeji ameridhia, watu wawili wapande waende na mzigo hadi dukani au sokoni. Hao wawili watarudi na somo la peke yao.

Baada ya chai, kabla ya kufunga mizigo, kaeni nusu saa. Kila jozi iseme bidhaa yake, bei yake, gharama yake kubwa kuliko zote, na jambo moja linaloweza kufanyika kwenu bila kusubiri fedha ya mtu. Mhazini aandike. Kazi hii ifanyike pale pale shambani, mwenyeji akiwepo kusahihisha, kwa sababu ndani ya gari kila mtu atasinzia na nyumbani kila mtu ana shughuli zake.

Mkifika nyumbani

Chagueni bidhaa moja tu na muijaribu ndani ya wiki mbili, kwa kiasi ambacho kikipotea hakitawaumiza. Makapu matano kwa familia tano mnazozifahamu yanatosha. Andikeni kila shilingi, pamoja na muda wenu, hata kama hamjilipi.

Vikundi vya Tanzania vitavutwa haraka na mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fursa nzuri, na ni haki yenu kuiomba. Ushauri wangu ni muiombe mkiwa tayari na miezi mitatu ya mauzo kwenye daftari. Mkopo usio na riba bado ni deni, na kikundi kisichojua familia yake ya 25 kitaula mkopo huo kwenye mbegu na usafiri kabla ya kujua kimepotelea wapi. Mkiwa na daftari lile, hata fomu ya maombi inakuwa rahisi kujaza.

Miezi mitatu ikipita, mpigieni mwenyeji. Mpeni takwimu zenu kama alivyowapa zake, nzuri na mbaya, na mumuulize angebadilisha nini. Mkiweza, changeni nauli mumwite yeye au mmoja wa vijana wake aje alale kwenu usiku mmoja, na mumlipe siku yake kama mlivyolipia yenu.